Sufuria Moja, Hema Moja

Nina ugonjwa wa kutaka kujua. Marehemu mume wangu alikuwa akisema kwamba nikipita kando ya nyumba ya watu nikasikia sahani imeanguka, sitatulia kabla sijajua imeangushwa na nani na walikuwa wanagombania nini. Hakunionea. Nimeshona sare za shule mjini Wote kwa zaidi ya miaka ishirini, na mshonaji mwenye meza sokoni husikia mengi kuliko hata mchungaji. Kwa hivyo mama yangu alipoanguka akavunjika nyonga, nami nikafunika cherehani na kurudi Matinyani kumuuguza, sikuogopa kazi ya kumgeuza na kumwosha. Niliogopa kimya cha pale nyumbani. Mama alilala mchana, kuku walijisemea wenyewe, na mimi nilikaa mlangoni nikihesabu pikipiki.

Kimya chenyewe hakikumaliza mwezi. Asubuhi moja malori mawili yalishusha watu kwenye uwanja wa kanisa letu, ng'ambo tu ya ua wa mama. Walikuwa Wakamba wenzetu, wa Kitui hii hii, ila wa upande wa mashariki kabisa, kule ambako mashamba yanaisha na malisho yanaanza na hakuna anayekubaliana na mwenzake ni wapi hasa. Watu wenye bunduki waliingia na mifugo, vijana wa kule wakalipiza, nyumba zikachomwa, shule ikafungwa. Redioni waliliita jambo hilo ukosefu wa usalama. Mimi nikaona heri nimuulize aliyekimbia. Kulikuwa na bibi mmoja ameketi juu ya gunia lake, na nilipomuuliza alinitazama kuanzia viatu hadi kitambaa cha kichwa.

"Wewe ukikimbia na kuku moja kwa kwapa, na mwenye alikuwa anakimbia nyuma yako hujui alifika wapi, utaita nini?" akasema. "Mimi naita vita."

Huyo ndiye bibi ninayetaka kumweleza hapa. Wakati ule sikujua kwamba ningemletea taabu kwa mkono wangu mwenyewe, tena mkono wenye kalamu.

Nilizunguka uwanja ule siku nzima nikitazama watu walichobeba. Mwanamke mmoja alikuwa na chekecheo la unga na hana unga. Mzee mmoja alikuwa na betri ya gari, na gari hajawahi kuwa nalo. Alikuwa akiitumia kuchajia watu simu, na hata pale uwanjani kabla ya jioni alishapata wateja. Wengine walikuwa na kinu bila mchi, maana mchi ni mrefu na humchelewesha mtu anayekimbia. Niliuliza kila kitu na wengi walinijibu vizuri tu. Nadhani ilikuwa nafuu kwao kuulizwa kuhusu chekecheo badala ya kuulizwa nani alikufa.

Shirika lililoleta mahema na chakula lilimtuma afisa mmoja, mwanamke wa miaka thelathini hivi, ambaye sote tulimwita Madam. Wazazi wake walitoka upande wa Mlima Kenya wakafungua duka katika mji mmoja wa barabara ya Mombasa, na yeye akazaliwa na kukulia huko, katikati ya Wakamba. Alikuwa mkali, mwenye haraka, na mwaminifu hadi kero. Ukimwazima kalamu atakutafuta hadi jikoni kukurudishia. Chakula alichokuja nacho kilikuwa unga wa mahindi, mafuta, na dengu ndogo za rangi ya machungwa ambazo hakuna aliyewahi kuziona. Sisi tunajua pojo, tunajua kunde, tunajua mbaazi. Hizi zilipikwa kama maharagwe, saa tatu motoni, na watu walipofunua sufuria wakakuta maji mazito tu. Kuna waliosimama wakatazamana wakidhani wameibiwa. Nilicheka hadi nikaketi chini, halafu nikaenda kumuuliza Madam zinapikwaje hasa, nikarudi nikawafundisha.

Madam alihitaji watu wa kumsaidia kuandika majina. Kanisa likasema mimi nina mwandiko mzuri. Ukweli ni kwamba kiherehere changu kilikuwa kimeshanifikisha mezani kabla hawajasema.

Fomu ilikuwa fupi. Jina, umri, mahali mlikotoka, kama kuna mgonjwa. Halafu swali lililoamua kila kitu: mnapika sufuria moja? Wanaopika sufuria moja ni familia moja, na familia moja hupewa hema moja. Madam alituonya tusiongeze maswali yetu wala kuyapunguza. Mahali pengine watu walikuwa wamejigawa mafungu mafungu ili wapate mara mbili, na wakubwa wake walikuwa wamechoka kudanganywa.

Yule bibi alipofika mezani kwangu alikuwa na binti yake na wajukuu wawili wadogo. Nyuma yao, nje kidogo ya foleni, alisimama mwanamume mrefu mwenye kofia, akiangalia paa la kanisa kama anayetafuta mahali linapovuja. Nikauliza huyo ni nani. Binti akasema ni bwana yake. Nikauliza, mnapika sufuria moja? Binti akamtazama mama yake, mama akatazama chini, mwanamume akaendelea na paa lake.

"Sufuria iko moja," binti akasema. "Ile ingine ilibaki."

Nikaandika watu watano, hema moja. Mwandiko ulikuwa mzuri kweli.

Siku zilizofuata nilikuwa na kitu cha kutazama zaidi ya pikipiki. Yalikuwa majira ya kungojea mvua, na jua la wakati huo kwetu halina huruma. Uwanjani hapakuwa na kivuli ila cha mahema yenyewe, asubuhi upande huu na alasiri upande ule, na watu wote walihama nacho. Yule bibi peke yake alihama kinyume. Asubuhi alikaa vizuri kivulini na katani zake, akisuka kiondo. Ikifika saa saba hivi, kivuli kikigeuka, alibeba kigoda chake akaenda kukaa upande wenye jua, akajifunika leso kichwani na kuendelea kusuka huku jasho likimtiririka. Na kabla ya kupinda kona ya hema alimwita mjukuu wake kwa sauti kubwa, hata pale ambapo mjukuu mwenyewe alikuwa amelala mgongoni mwake.

Jambo hilo lilininyima raha. Nilidhani labda macho yake hayaoni vizuri, au labda ana baridi yabisi na jua linampa nafuu. Kisha nikaona kwamba saa saba ndiyo saa ambayo mkwe wake alirudi kutoka kwenye kibarua cha kufyatua matofali. Alikuja akikohoa tangu barabarani, kikohozi cha mtu mwenye kifua kizima kabisa, akaketi kivulini, akaletewa chakula na mkewe. Yeye akila huku, mama mkwe alikuwa kule juani. Akiondoka, mama mkwe alirudi.

Nilimpelekea mama habari hizo pamoja na uji wake. Alisikiliza hadi mwisho, kikombe kikiwa hewani.

"Huyo mwanaume ni nani yake?"

"Ni mkwe, mama. Bwana ya msichana yake."

"Na mumewaweka tenti moja?"

"Wanapika sufuria moja."

"Nani aliwaandika hivyo?"

Mama akaweka kikombe chini, akanitazama mimi mwenye mvi zangu kama alivyokuwa akinitazama nilipovunja kibuyu. "Wewe msichana," akasema, "huko Wote walikufundisha kushona, halafu wakakutoa akili?"

Kwetu tuna neno nthoni. Ni haya na heshima vikiwa kitu kimoja, na makao yake makuu ni kati ya mwanamume na mama wa mkewe. Hawashikani mikono, hawali pamoja, hawaketi mahali pamoja. Zamani wakikutana njiani mmoja aliingia kichakani kumpisha mwenzake. Kulala chini ya paa moja ni jambo lisilotajwa hata kwa kulikataa. Si kwamba sikuyajua haya. Niliyajua kama mtu anavyojua njia ya kwenda kwenye kisima kilichokauka, hana sababu ya kuipita tena. Mkwe wangu mwenyewe, mume wa binti yangu pale Mukuyuni, hunikaribisha mezani na kunimiminia chai, na nikichelewa gari hunipa kitanda cha watoto. Tumeokoka, tunakaa mijini, tumeacha. Na kwa sababu sisi tumeacha, niliandika kana kwamba kila mtu ameacha.

"Lakini mbona hawakusema?" nikamuuliza mama. "Niliwauliza. Walikuwa hapo wote."

"Si ndio hiyo. Waseme aje na wako hapo wote? Mama aseme siwezi lala na huyu, na huyu anaskia? Hiyo kusema ndio kuvunja yenyewe."

Kesho yake alfajiri, kabla watu hawajaamka, nilivuka ua nikaenda kuona kwa macho yangu. Mkwe alikuwa amelala kwenye veranda ya kanisa, kofia usoni. Nyuma ya hema lao kulikuwa na kibanda cha mabati mawili, mahali pa kupikia, na ndani yake, kando ya majivu, bibi alikuwa amejikunja ndani ya blanketi. Mkwe alikuwa amempisha mama mkwe. Mama mkwe naye, akijua mwanamume ametoka kitandani kwa mkewe kwa ajili yake, alikuwa amempisha mkwe. Hakuna aliyeweza kumwambia mwenzake. Hema la watu watano lilikuwa na mama mmoja na watoto wawili. Nilicheka, nakiri. Halafu bibi akakohoa, kikohozi kirefu cha chini kabisa, kisicho na uongo ndani yake, na kicheko changu kikakatika. Mawingu yalikuwa yameanza kukusanyika kila jioni. Kibanda kile hakikuwa na kuta.

Wiki hiyo hiyo Madam alitangaza kwamba watu watahesabiwa upya. Angepita alfajiri, hema kwa hema, na asiyekutwa kwenye hema lake angefutwa. Aliyefutwa hatapata chakula, na wakati wa kurudishwa kwao ukifika hatakuwa na nafasi kwenye lori wala mabati ya kujengea. Niliposikia hivyo nilikumbuka ni nani aliyeandika watu watano, hema moja.

Nilianza kwa kile ninachokijua. Nilichukua turubai kuukuu la kanisa na mapazia mawili ya mama, nikayashona pamoja siku mbili kwa mkono, na kutengeneza kizuizi cha kugawa hema lile katikati, chenye pindo na tanzi za kufungia. Nyuma ya hema kulikuwa na ukingo unaoinuliwa, kwa hivyo hata mlango wake wa peke yake angekuwa nao. Bibi alikuja, akashika mshono kwa vidole, akaufuata kutoka juu hadi chini. "Unajua kazi," akaniambia. Niliondoka nimevimba kichwa. Asubuhi nikamkuta palepale jikoni. Binti yake alinieleza kwa sauti ya chini, amejaa aibu kwa niaba ya kila mtu: "Mama amesema paa bado ni moja."

Nilikasirika, nisidanganye. Nilijiambia huyu mzee anachagua mapafu yake yaoze kwa ajili ya mambo ya kale. Nikaenda nyumbani nikamlalamikia mama, naye akanisikiliza hadi nikamaliza. "Wewe na huyo mkwe yako mnakulanga pamoja," akasema. "Siku moja aamke akukute umevaa tu ile nguo ya ndani. Utarudi tena huko?" Nilijaribu kuifikiria siku hiyo, na nilipata joto masikioni.

Basi nikaenda kwa Madam, nikakiri kosa langu. Alinisikiliza huku akiandika kwenye tableti yake, halafu akaacha kuandika.

"Nthoni naijua," akasema. "Sisi dukani tulikuwa na mteja, akiona mama mkwe yake anakuja anaingia nyuma ya kaunta. Lakini mbona haukuandika hivyo siku ya kwanza?"

"Sikufikiria."

"Hiyo listi ilishaenda. Familia ikishaandikwa siwezi kuikata mara mbili, hawatakubali, watasema ni yale yale ya kudanganya."

"Nimchukue akae kwa mama yangu?"

"Ukimtoa hapa hahesabiwi. Anakaa kwa uwanja ndio anahesabiwa."

"Na yule kijana akienda kwa tenti ya wanaume?"

"Ako na mke, mama. Mwenye ako na mke anahesabiwa na mke yake." Alisugua macho. Nadhani hakuwa amelala vizuri wiki nzima. "Kuna tenti tatu zimebaki. Ni za wazee hawana mtu. Mzee mwenye hana mtoto hapa, hana nani, ako peke yake. Hiyo naweza. Lakini lazima aseme yeye mwenyewe, kwa mdomo yake, mbele ya wazee wa kanisa. Mimi siandiki kitu mtu hajasema."

Nilirudi mbio. Bibi alikuwa juani, leso kichwani, akisuka. Nikachuchumaa karibu naye nikamweleza yote: mahema matatu, swali litakaloulizwa, na jibu. "Ukiulizwa kama una mtu hapa, mwaitu, sema huna. Neno moja tu. Sema sina mtoto, utapata paa lako." Nilimwita mwaitu, yaani mama, kwa heshima ile tunayompa mzee. Bibi alipitisha katani, akavuta, akapitisha tena. Mimi, mwenye kujivunia kusikia mengi, nilidhani amekubali.

Siku ya kuhesabiwa nilitoka nje giza likianza tu kufifia. Madam alikuwa ameshamaliza mistari miwili, akifuatana na wazee wawili wa kanisa waliovaa makoti. Ilikuwa imenyunya kidogo, matone ya kwanza, na uwanja ulinuka vumbi lililolowa. Tulipofika kwenye hema lao, binti alikuwa mlangoni na watoto. Mkwe alisimama upande wa barabara, ametupa mgongo. Bibi tulimkuta nyuma, kwenye kibanda chake, blanketi limekunjwa vizuri magotini. Bega lake moja lilikuwa limelowa.

"Mama, ulilala wapi?" Madam akamuuliza.

"Hapa."

"Hapa jikoni?"

"Hapa."

Madam akanitazama, akarudi kwake. "Nimeambiwa hauko na mtu hapa. Hauko na mtoto, uko peke yako. Ni ukweli?"

Mimi nilisimama nyuma ya Madam nikimtikisia kichwa bibi akubali, kama mwalimu anayempa mwanafunzi jibu kwa siri. Neno moja tu. Binti alikuwa amekuja hadi kona ya hema, mtoto kiunoni.

"Hapo kwa hiyo kitu yako jina yangu iko?" bibi akauliza, akionyesha tableti kwa kidevu.

"Iko."

"Basi andika nimekufa. Hiyo naweza kubali, hata si mbali sana. Lakini niseme sina mtoto, na mtoto ndio huyo amesimama anaskia?" Akakohoa, akangoja kikohozi kiishe. "Mdomo ya mzazi si ya kuchezea, Madam. Nikisema sina, hiyo neno itatoka hapa imfuate. Itamfuata yeye na itafuata hawa watoto. Mimi sitasema."

Wazee wa kanisa waliinamisha vichwa. Tumeokoka sisi sote, na wao zaidi yetu, lakini hakuna Mkamba asiyejua uzito wa neno la mzazi. Na mimi ndiye niliyemchuchumalia kule juani nikamwambia alitamke, kwa ajili ya turubai. Niliona aibu hadi nikatamani Madam anitume kitu, maji, kalamu, chochote, niondoke pale.

"Basi itabidi nifute," Madam akasema taratibu. "Hukupatikana kwa tenti yako. Mama, unaelewa? Nitafuta."

"Futa."

Kidole cha Madam kilikuwa juu ya kioo wakati binti alipoongea. Alimshusha mtoto chini kwanza. Akaja mbele, akasimama kati ya mama yake na Madam, na akawapa mgongo wote wawili, akiwatazama wazee wa kanisa.

"Mimi niliolewa," akasema. "Mbuzi zilikuja, zikaliwa, watu wakashiba. Si ni ukweli?"

"Ni ukweli," mzee mmoja akajibu, kwa kuwa ilikuwa lazima mtu ajibu.

"Mimi ni mtu wa mji ya bwana yangu, ile boma ya kwao. Nikikufa leo nitazikwa kwao. Watoto ni wa kwao. Hata jina ya ukoo ni ya kwao. Kwa mji ya mama yangu..." Akasimama. Akaanza upya. "Kwa mji ya huyu mama, hakuna mtu hapa. Alikuja peke yake. Niandikie hivyo. Mimi ndio nimesema, yeye hajasema."

Wazee wakatazamana. Hapakuwa na mahali pa kumshika. Kila neno lilikuwa kweli tupu, kama tunavyolisema sisi wenyewe harusini na matangani, mwaka nenda mwaka rudi, bila kufikiri kwamba siku moja mtu atalazimika kulisimamisha mbele ya mama yake. Mtoto kusema si laana. Inauma, lakini haimfuati mtu.

"Kwa hivyo huyu si wa familia yenu?" Madam akauliza. Nilimchukia kidogo kwa kuuliza, ingawa najua alihitaji.

"Kwa mji yetu hayuko," binti akasema.

Bibi alikuwa amejifunika uso mzima kwa leso. Kule upande wa barabara, mkwe alikuwa bado ametupa mgongo, lakini alikuwa amevua kofia na kuishika kwa mikono miwili, na matone yalikuwa yakimwangukia kichwani. Madam akaandika. Aliandika kwa muda mrefu kuliko maneno yenyewe. Kisha akauliza wazee kama wanakubali neno la binti badala ya la bibi, wakakubali, na tukaenda hema la pili, na sikumbuki ni nani aliyekuwa ndani yake.

Hema la bibi lilisimamishwa saa nne, mwisho wa mstari, mlango ukielekea upande ambao hakuna mtu angepita kwa bahati mbaya. Nilikwenda kumsaidia kuhamisha vitu. Vilikuwa gunia, kigoda, kiondo ambacho hakijaisha, na sufuria ndogo niliyoiba jikoni kwa mama. Hakuniambia kitu na sikustahili kuambiwa. Aliingia, akashika nguzo ya katikati kama anayeipima, akaketi. Binti hakuja. Nilimwona mbali, kwenye foleni ya bomba, amesimama na mtungi huku watu wakimpita, na nilielewa kwamba haogopi mvua wala foleni. Alikuwa akiogopa kuja hapa.

Nilimwacha bibi, nikaenda penye gari la shirika. Madam alikuwa ameweka tableti juu ya boneti, akipitia orodha kabla ya kuituma. Wazee wa kanisa walikuwa wakinywa chai. Watu walikuwa wakirudi kwenye shughuli zao, unga ukigawanywa, watoto wakikanyaga matope mapya.

Bibi akatoka nje ya hema lake. Alitupa leso mabegani, akashika kiuno, na kwa kifua kile kile kibovu akaita, sauti ikapita juu ya mahema yote.

"Mwana wakwa!"

Mwanangu. Uwanja mzima ukageuka. Akaita tena, kwa nguvu zaidi, kama mwanamke aliye shambani kwake anayemwita mtu wa ng'ambo ya mto, na hakumwangalia Madam hata kidogo. Akaita mara ya tatu. Mzee mmoja wa kanisa alibaki na kikombe mdomoni. Madam aliinua kichwa. Alimtazama bibi, akatazama bombani, akatazama kioo chake chenye orodha ambayo bado haijatumwa, nami nikashikilia ukingo wa gari. Kisha akabonyeza kuituma vilevile ilivyokuwa, akafunga jalada la tableti, na kuiweka mfukoni.

Kule bombani binti alikuwa ameacha mtungi chini ya maji yanayomwagika. Alikuja mbio, mama wa watoto wawili, akiruka kamba za mahema, kandambili moja imebaki nyuma kwenye matope.

"Nakuja, mama!" akaita, na hata waliokuwa barabarani walimsikia. "Mama, nakuja!"